Mahaba ya Kupisha Njia

Vumbi la Juba halina adabu, Lado. Asubuhi linaingia hotelini bila kubisha hodi, linakaa juu ya meza yangu ya mapokezi, juu ya kengele, juu ya funguo za vyumba, juu ya kope zangu. Nafuta, linarudi. Nafuta tena, linarudi tena. Jua likilipitia dirishani linang'aa kama unga unaopepetwa, na mimi, Jedidah, binti wa Voi, nasimama katikati yake nikiwasalimu watu wa dunia nzima kwa tabasamu la kazini.

Na wewe ulinijia na vumbi hilo hilo. Uliitwa kutengeneza lango la hoteli, lile lililokuwa likilia kila likifunguliwa. Ukachomelea, ukapaka grisi, ukafungua, ukafunga, likanyamaza. Kisha ukaja mapokezi, miwani ya fundi ingali kwenye paji la uso, ukaniuliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kuanza nalo kwangu.

"Wewe nakula?"

Nikacheka. Kiswahili chako kilikulia Uganda, kambini Adjumani, hakijali ngeli wala hakiombi radhi. Nikasema sijala. Ukaondoka, ukarudi na chapati iliyofungwa kwenye gazeti, moto bado. Tangu siku hiyo sijakaa na njaa Juba hii, na tangu siku hiyo sijalisikia lile neno kinywani mwako.

Lile neno, Lado. Mahaba.

Neno hili limetembea kuliko mimi na wewe. Lilitoka kwa Waarabu na kuingia nyumba za watu, na kila nyumba ikalivika nguo yake. Mimi nakaa mapokezi, kuuliza ndiyo kazi yangu, basi nikauliza. Mpishi wetu Mturuki aliniambia kwao ni muhabbet, na maana yake ni watu kukaa na chai wakaongea, chai ikapoa, ikachemshwa nyingine, wakaongea tena. Akanimiminia kikombe palepale ili nielewe vizuri.

Yule mama Mwirani, anayezunguka na kazi za visima, aliniambia kwao ni mohabbat, na ni wema tu. Mtu akikushikia mlango, akikuongezea wali bila kuulizwa, unamshukuru kwa mohabbat yake. Alisema hivyo huku ananiokotea kalamu iliyoanguka.

Daktari Mpakistani alikoroga kahawa yake isiyo na sukari, akatazama mbali, akasema kwa Kiurdu mohabbat ndiyo yenyewe, ile inayomnyang'anya mtu usingizi. Kila jioni namsikia barazani akimpigia mkewe aliye Multan. Sijui Kiurdu, lakini neno hilo likipita nalijua, kwa sababu sauti yake inalegea kidogo kabla ya kulitamka.

Na kwetu? Kwetu mahaba yameandikwa hadi kwenye leso. Yanaimbwa harusini, yanafukizwa udi, yanatiwa chumvi na wapita njia. Baba yangu alikuwa nayo mdomoni asubuhi, mchana, jioni. Muhibu wangu, alimwita Mama, mbele ya wageni na mbele ya majirani.

Ni wewe tu, Lado. Wewe waniuliza kama nimekula.

Nilikupenda hivyo hivyo. Nisifiche. Nilipenda mikono yako yenye makovu madogo ya cheche. Nilipenda karakana yako ya Hai Mauna, vitanda vya chuma vimesimamishwa ukutani vikingoja wenyewe, na wewe katikati, umenyamaza, kama mtu aliye kanisani. Nilipenda kwamba ukikasirika unafagia. Lakini mwanamke ana masikio pia. Kuna siku nilikukazia macho nikakwambia, sema basi hata mara moja, utakufa? Ukafagia karakana nzima, mpaka kwa jirani.

Kisha ukaniomba unioe. Hata hilo ulilisema kwa njia yako: ulinionyesha kitanda ulichokitengeneza, kipana, chenye maua ya chuma kichwani, ukasema, "Hiki mimi siuzi."

Nikampigia Mama.

Mama yangu si mtu wa kutumiwa picha. "Simtoi mwanangu kwa simu," alisema. "Nakuja kumwona kwa macho yangu." Alipanda basi Voi, akabadilisha Nairobi, akapita Uganda, akavuka mpaka wa Nimule, akafika Juba na magoti yaliyovimba, nazi kwenye kiroba na mbuzi yake ya kukunia ameifunga kwenye leso, maana haamini kwamba kuna nchi inayoweza kumkunia nazi. Nilimlaki nikicheka na kulia. Ndani ya moyo nilijua jambo moja, na wewe ulilijua: Mama akikataa, hakuna ndoa. Si kwamba nalazimishwa. Alinilea peke yake, na mimi siwezi kuanza nyumba huku amenipa kisogo. Hivyo ndivyo nilivyo.

Jumapili baada ya kanisa akapika. Nyumba yangu ya kupanga pale Hai Cinema ilinukia tui mpaka wenye vibanda vya jirani wakaanza kuulizana ni wapi. Wali wa nazi, maharagwe, samaki wa mtoni aliyemkaanga huku akimsema kwamba ana miba mingi. Akavaa gauni lake la ushirika wa kina mama, akaketi akitazama lango. Ukaja. Nilikuona kwa dirisha, shati jeupe, viatu vinang'aa, begani mfuko wa karanga. Ukasukuma lango. Ukainua macho ukamwona Mama amekaa pale, uso kwa uso.

Ukaangusha karanga, ukageuka, ukakimbia.

Hukutembea haraka, Lado. Ulikimbia. Ukaruka mtaro, ukapotea nyuma ya ua wa mabati wa jirani, na kuku wa watu wakapiga kelele. Mama akabaki na kijiko mkononi. Wali ukapoa, na hakuna aliyeugusa.

Nilikupigia simu kwa hasira. Nikasema yote niliyokuwa nayo na mengine niliyoyabuni palepale. Ulisubiri nimalize, kisha ukauliza kwa upole, "Mama nakula vizuri? Nalala vizuri? Maji iko?"

"Lado, kwa nini umekimbia?"

"Jedi, mama iko pale!"

"Ndiyo, yuko pale. Amekuja kukuona!"

"Sasa mama iko pale, wewe unataka mimi nafanya nini?"

Ulisema kama mtu anayeeleza kwamba moto unaunguza. Nilisikia maneno yote, sikuelewa hata moja. Nikakata simu. Nililia kwa sababu nilidhani nimempenda mwoga.

Jumanne nikampeleka Mama soko la Jebel, apate mboga, apate na kupunga upepo. Mlima umekaa kimya juu yetu, mawe yake mekundu kwa jua. Mama alikuwa akipapasa vitunguu, akivilaumu. Nikakuona unakuja kwa mbali unasukuma baiskeli iliyofungwa vyuma. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, leo mtasalimiana hata kwa mkono mmoja. Nikainua mkono kukuita. Ukamwona Mama. Ukaiacha baiskeli ianguke na vyuma vyake, ukashuka njiani, ukaingia katikati ya magunia ya mkaa, ukajifunika uso kwa shati ukatupa mgongo.

Soko zima lilitazama. Mama aliweka chini kitunguu.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ningependa ingekuwa ya ukali. "Mtu hajifichi hivyo bure. Yule ana mke. Anaogopa nitamtazama nimjue."

"Mama, hana mke."

"Ulizaliwa lini hata umjue mwanamume anayejificha? Mimi nawajua. Jumamosi kuna basi. Tutarudi sote wawili."

Nilikuwa na kitu gani cha kubishania? Nilikuwa na chapati kwenye gazeti na kitanda kisichouzwa, na hayo huwezi kumwekea mama yako mezani ukamwambia haya ndiyo mapenzi yangu. Usiku ule nilitamani ungekuwa Mturuki, uje tukae tuongee mpaka chai ipoe. Nilitamani ungekuwa yule daktari, sauti ilegee. Nilitamani neno moja, Lado, moja tu, nimpelekee Mama kwenye kiganja.

Nikaanza kukunja nguo.

Lakini Mama huamka kabla ya jogoo, na hilo hukulijua. Tangu afike alikuwa akiwasifu wenye nyumba wangu: watu wema hawa, kila asubuhi wanatuletea maji langoni, madumu yamejaa, yamefutwa na vumbi. Aliwasifu pia kwa kiti cha chuma kilichokutwa asubuhi moja kando ya ukuta, kimeinuliwa miguu, mtu mwenye magoti mabovu akae na kuinuka bila kushika ukuta. Mimi nilikuwa nikitoka kwenda kazini na hasira zangu, sikuvitazama hivyo vitu. Wenye nyumba wangu hawajawahi kumletea mtu hata kijiko cha maji.

Alhamisi Mama akatoka na upande wa leso mabegani, akasimama nyuma ya lango, akachungulia penye ufa. Akakuona. Ulikuwa umeinama, unashusha madumu taratibu yasigonge mawe, unayafuta kwa kitambaa, moja, halafu lingine. Alikutazama muda mrefu, aliniambia baadaye. Kisha kifua kikamkaba, akakohoa. Ukaruka kama umechomwa. Ukakimbia na kuacha ndala moja palepale matopeni.

Mama hakuniamsha. Aliokota ile ndala, akaiosha, akaingia nayo jikoni akanywa chai akiitazama. Nilipoamka aliniuliza swali moja tu: "Huyu kijana ana ndugu?"

Una dada. Keji anauza samaki mkavu na karanga ya kusaga pale Jebel, na ana ulimi kama wangu. Tulimkuta akifukuza nzi. Mama akamwekea ndala mbele ya samaki, akasema bila salamu, "Kaka yako ana kichaa au ana mke?"

Keji aliitazama ndala, akamtazama Mama, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Wai! Mama, wewe ni nasiba!" Kisha akatafuta Kiswahili chake chote alichonacho. "Wewe ni mama ya mke. Kwetu Kajo Keji, yeye hawezi ona wewe usoni. Hawezi kula mbele yako, hawezi pita njia wewe unapita. Kama unatoka huku, yeye anashuka, anaenda kwa majani. Hiyo ni heshima. Kama anasimama, anasalimia wewe kwa mkono, watu watasema huyu anadharau. Watasema hataki huyu msichana."

"Hataki?" Mama alisema.

"Eee. Yule anataka kidogo, anatembea pole pole. Huyu anataka sana." Keji akaanza kucheka na machozi yakimtoka. "Malesh, samahani mama. Huyu mimi nasikia ameruka mtaro."

Nikamuuliza kwa nini basi hapa Juba nawaona vijana wakiwakumbatia mama wakwe zao, wakipiga nao picha. Keji akaacha kucheka. Akasema hao walibaki na nyumba, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha pazia. Wao walikimbilia kambini na sufuria moja. Babu yao alikuwa hana shamba tena, hana ng'ombe, hana kaburi la baba yake, akawa na adabu tu, basi aliwalea nayo kwa fimbo. Lado alijifunza kumpisha mama mkwe kabla hajajua kama atapata mke. Walicheza mchezo huo wakiwa watoto, kati ya mahema: wewe nasiba, mimi nakimbia.

Ndipo nikakusikia upya, Lado. Mama iko pale, wewe unataka mimi nafanya nini? Ulikuwa umenijibu kila kitu. Ulidhani dunia nzima inajua, kama inavyojua kwamba moto unaunguza. Ulikuwa ukilitamka lile neno kwa nguvu zako zote, kwa miguu, kwa mgongo, sokoni mbele ya watu, na mimi nilikuwa nikikuonea haya.

Keji akaniegemea sikioni. Akaniambia lile neno la mapenzi kwa Kibari ni nyanyar, kama nalitafuta, lakini nisikusumbue ulitamke, utafagia mpaka Nimule.

Mama akaichukua ndala, tukarudi. Tulipofika nyumbani aliketi juu ya kile kiti cha chuma, akapitisha kiganja kwenye viungo vya chuma chake ulivyovisugua mpaka vikawa laini. Hapo ndipo aliposema, na hajawahi kulisema kabla, "Baba yako hakukosa maneno. Alikuwa nayo yote. Ile siku anaondoka kwenda kwa mwanamke wake wa Mtwapa, aliniita muhibu wangu." Akainuka, bila kushika ukuta, akaenda kuangalia maharagwe.

Sikujua kama hiyo ni ndiyo au ni hapana. Niliogopa kumuuliza. Mama yangu akikuna nazi huku amenyamaza, hata paka haingii jikoni.

Jumamosi ikafika. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa, sijui niziingize kwenye begi au nizirudishe kabatini. Mama akafunga mzigo wake, akajifunga leso, akasema twende, gari halimngoji mtu. Nikabeba begi lake. Langu sikulibeba, na yeye hakuuliza, na kutouliza kwake kukanitia hofu zaidi. Je, ameniacha? Mama anaweza kumwacha mtu akiwa bado amemshika mkono. Nilimwona baba yangu akiachwa hivyo, moyoni, kabla hajaondoka.

Barabara ya Hai Cinema ilikuwa imechangamka, majiko ya chai yamewashwa, viti vya plastiki vimepangwa nje, boda zinapita na kutuvisha vumbi. Tulikuwa tumefika karibu na kibanda cha maandazi nilipokuona. Ulikuwa unakuja moja kwa moja mbele yetu, Keji pembeni yako, kichwani mwako umebeba katoni ya kumpa Mama kwa mkono wa dada yako. Ulikuwa unatazama mashimo ya barabara. Hukutuona.

Mama alikuona.

Na kabla hujainua macho, kabla hujapata mtaro wa kuruka, mama yangu, mwenyekiti wa ushirika wa kina mama, mwanamke asiyempisha mtu hata kwenye foleni ya benki, aliachia mkono wangu. Akavuta leso akajifunika kichwa na uso. Akashuka barabarani, akapita kati ya viti vya plastiki, akachuchumaa nyuma ya jiko la maandazi na magoti yake yale.

Muuza maandazi akaacha kijiko ndani ya mafuta. Wanywa chai wakageuka. Gari la maji likapita, vumbi likainuka likatua juu ya leso yake, juu ya mgongo wake ulioinama, na Mama hakulikung'uta.

Wewe ukasimama. Ukaona begi lake mkononi mwangu, ukaona leso nyuma ya jiko. Ukaelewa. Katoni ikakuinamia kichwani, Keji akaidaka. Ukageuka upesi ukautazama ukuta, kama ulivyofundishwa, na mabega yako yakaanza kutetemeka. Nilitaka kuja kukushika. Nilikuwa nalia barabarani kama mtoto, mbele ya wateja wa watu.

Nikamwendea Mama. Nikainama.

"Mama, inuka. Magoti yako."

"Amepita?"

"Bado. Amesimama anatazama ukuta."

"Basi niache," akasema kutoka ndani ya leso. Kisha akapaza sauti, kali, ile ya mkutanoni, akiielekeza kwenye jiko, kwa maana kukuelekezea wewe hawezi tena. "Jedidah! Mwambie Keji awaambie wazee wao waje Voi. Na waje wamekula, maana najua hawatakula kwangu."